Mkwaruzo wa Saa Kumi na Nusu

Mudathir alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya ndege, miguu imetokeza nje ya mlango, tochi mdomoni, akifungua kwa mara ya sita plagi ya antena ambayo alikwisha kuifungua mara tano. Plagi ilikuwa safi. Jana ilikuwa safi na juzi ilikuwa safi. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, kisha akaitema tochi na kufoka, "Sasa we unataka nini? Sema!"

Ndege isemeje? Ilikuwa kindege cha injini moja na viti sita, mali ya Hilal, mjukuu wa Waarabu wauza vitambaa ambaye badala ya kukaa dukani kama babu zake aliingiwa na wazimu wa ndege. Kila asubuhi kilikwenda Mafia, kila alasiri kikarudi. Na kikirudi, kikishakaribia tu kutua, redio inaingiwa na mkwaruzo: chwaaaaa, kama samaki wametumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na sauti ya mnara wa kuongozea ndege inamezwa yote. Kikishatua na kuingia karakana, redio nzima kabisa, inaongea mpaka raha. Ugonjwa unaomkimbia mganga namna hiyo utautibu vipi?

Na si kwamba hakujaribu. Alianza na oltaneta inayozalisha umeme, maana nusu ya makelele ya ndege ndogo yanatokea huko. Hamna. Akafuata nyaya za plagi za injini, akabadilisha kapasita. Hamna. Akapiga msasa kila mahali waya wa ethi unapogusa bodi. Kule kwenye ncha za mbawa kuna vijiti vyembamba vya kumwaga umeme unaojikusanya ndege inapokata hewa. Vyote kavipima, kijiti kwa kijiti. Akawazuia marubani wasichaji simu. Mwisho akaing'oa redio yenyewe akaweka ya ndege nyingine, na mkwaruzo ukarudi vilevile, kwenye redio ngeni, kama unamcheka. Wallahi kuna siku alikaa juu ya boksi la spana akalia, mwanaume wa miaka arobaini na saba.

Mtu huyu redio alizaliwa nazo. Marehemu baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio palepale Kiwalani, na Mudathir alijua kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndege zilikuwa zinapita juu ya bati lao, chini kiasi kwamba watoto wa Kiwalani wanajifunza kunyamaza katikati ya maneno na kuendelea zikishapita. Wenzake wakitazama mabawa, yeye alikuwa anajiuliza wale watu mle ndani wanaongea na nani. Akasoma kwa tabu, akafeli, akarudia, akapata cheti, na alipofika miaka thelathini na nne akapewa muhuri wake. Muhuri wa fundi wa redio za ndege ni kitu kidogo, unaenea kiganjani, una namba yako wewe peke yako. Ukiupiga kwenye kitabu cha ndege umeapa mbele ya watu kwamba mitambo iko salama na abiria wapande. Mudathir aliuweka kwenye mfuko wa shati, na akibadilisha shati anauhamisha kwanza muhuri ndipo avae.

Muhuri huo alikwisha kuupiga mara tatu kwa ajili ya mkwaruzo ule. Mara tatu aliandika: redio imepimwa, haina kasoro. Si uongo, maana alipoipima haikuwa na kasoro. Lakini alikuwa anaipima asubuhi, ndani ya karakana, chini ya bati.

Alhamisi iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Rubani wa kindege kile alikuwa Demetria, binti wa Bukoba mwenye miaka ishirini na minane, mtu makini ambaye hata kikombe cha chai anakikagua kabla hajamimina. Alikuwa anakuja kutua, abiria watano nyuma. Mnara ukamwambia apande juu azunguke tena, kuna ndege bado haijatoka kwenye njia. Yeye akasikia chwaaaaa. Akatua. Ile ndege nyingine ilikata kona ikatoka njiani zikiwa zimebaki sekunde chache tu, na abiria wake wakaona mabawa ya Demetria yakipita nyuma yao. Hakuumia mtu. Lakini kwenye mnara maneno yote yamerekodiwa, yako wazi, mtu aliamriwa azunguke na akatua. Demetria akasema hakusikia. Wakaguzi wakafungua kitabu cha ndege, wakakuta mihuri mitatu ya Mudathir inasema redio haina kasoro. Basi. Binti akasimamishwa kuruka, na mkaguzi angekuja Alhamisi hii kumaliza habari yake.

Demetria alimfuata Mudathir karakanani Jumatatu, amevaa gauni la kawaida. Hakuwahi kumwona na gauni.

"Shikamoo, kaka Mudathir."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikai. Nakuuliza kitu kimoja tu. Ule mkwaruzo mie nauota?"

"Huuoti."

"Sasa mbona umeandika mara tatu kwamba haupo?"

Mudathir akaiweka chini spana. Atasema nini? Kwamba aliandika alichokiona?

"Baba yangu aliuza shamba la migomba nisomee hii kazi," Demetria akasema. "Wakininyang'anya leseni nitarudi nyumbani nikamwambie nini? Kwamba niliambiwa zunguka nikakataa? Utafute, kaka. Mie nakuomba, utafute." Akageuka akaondoka upesi ili asionekane akilia.

Jumanne Mudathir alitoka kazini mapema kwa sababu ya mama yake. Bi Mwanaasha alikuwa kitandani mwaka wa tatu sasa. Kiharusi kimekula upande mzima wa kulia, na macho nayo yameingia ukungu. Anayemtunza ni Zubeda, mdogo wake Mudathir, lakini siku hiyo Zubeda alikuwa msibani Ukonga, na mgonjwa lazima ageuzwe ubavu. Mudathir akatupia kwenye mkoba ile redio ya mkononi ya kusikilizia mnara. Hakuizima. Siku hizo alikuwa anaisikiliza kutwa, hata chooni, akingoja ndege yoyote ilalamike.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichompata mtu huyu siku hiyo. Bi Mwanaasha, alipokuwa mzima, hakuwahi kukosa darsa ya baada ya Alasiri pale msikitini. Alipoanguka, kilichomtesa si mkono wala mguu, ni darsa. Analia ikifika saa kumi. Mudathir hakuweza kuyastahimili machozi yale. Akaunda kwa mikono yake mtambo mdogo wa kurushia sauti, akaufunga kwenye chumba cha muadhini na antena juu ya mnara wa msikiti, akamnunulia mama yake redio ya kawaida na kuitia kwenye mfuko wa khanga kando ya mto. Kibali hakuomba. Nani anaomba kibali cha kumsikilizisha mama yake Qur'ani? Habari zikaenea. Nyumba hii ina bibi hajiwezi, nyumba ile ina mzee mgonjwa wa miguu, wote wakatafuta redio. Sheikh Salumu akazoea kuanza darsa kwa kuwasalimia wagonjwa majumbani, mmoja mmoja kwa jina: "Bi Mwanaasha binti Khalil, assalaam alaykum!" Na Bi Mwanaasha pale kitandani, kwa ulimi mzito, anajibu, "Waalaykum salaam, mwanangu." Akishatajwa, uso wote unakunjuka. Mtaani wakamwita Mudathir Injinia, na asikudanganye mtu, alilipenda jina hilo.

Siku hiyo alimgeuza mama yake, akampaka mafuta mgongoni, akamlaza vizuri. Saa kumi ikafika. Redio ya mama ikakohoa, Sheikh Salumu akaanza, "Bismillahi Rahmani Rahim..."

Na ule mkoba uliotundikwa mlangoni ukajibu: chwaaaaa.

Mudathir akasimama, mkono una mafuta. Akaitoa ile redio ya mkononi. Mnara ulikuwa umezama wote kwenye kelele. Akaizima redio ya mama yake. Kelele pale pale.

"We, kulikoni?" mama akauliza. "Sijatajwa bado."

Akamwashia. Akatoka mbio na kandambili, mkono bado una mafuta, akaingia chumba cha muadhini akachomoa plagi ya mtambo ukutani. Redio mkononi mwake ikatulia, na sauti ya kijana wa mnarani ikasikika safi, inamwelekeza mtu wa Zanzibar. Akachomeka. Chwaaaaa. Akachomoa. Kimya, na mnara. Akachomeka tena, akachomoa tena, mara ya tatu, kama anaomba mara moja tu isitokee hivyo, jamani, mara moja tu. Ikatokea vilevile.

Hapo akakumbuka. Siku ya pili ya Ramadhani, akina mama wa upande wa pili wa reli walituma salamu kwamba darsa haiwafikii. Sheikh Salumu akamwambia, "Injinia, mwezi wa kheri huu, tuongezee nguvu kidogo." Naye akaongeza. Akafunga busta, na kwa kuwa kichujio kilikuwa kinakula nguvu, akakitoa. Kichujio ndicho kinachouzuia mtambo usimwage uchafu kwenye mawimbi ya watu wengine. Yeye fundi wa redio za ndege hakuhitaji kuambiwa. Akajisemea atakirudisha Idi mosi. Idi ikaja na pilau na wageni, akasahau. Lalamiko la kwanza la Demetria liliandikwa kwenye kitabu siku moja baada ya kufungwa busta, kwa tarehe ya kizungu, na Mudathir alikuwa analisoma kila siku karakanani bila hata mara moja kulilinganisha na mwezi alioufunga nyumbani. Zile zilikuwa tarehe za kazini na huu ulikuwa mwezi wa Mungu. Na Demetria alikuwa anarudi kila siku saa kumi na nusu, katikati ya darsa, chini kabisa juu ya mapaa ya Kiwalani, chini kuliko wenzake wote.

Akakaa sakafuni, akajipiga kifuani. "Mie! Kumbe ni mie! Ya Rabbi, kumbe ni mie mwenyewe!" Wiki zote anafungua plagi ya mwenzie.

Kichujio kilikuwa palepale juu ya rafu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, alipokiacha. Akakirudisha, akaing'oa busta, akachomeka. Kimya, mnara unasikika, na nyuma ya ukuta anamsikia Sheikh Salumu akiendelea na darsa yake bila kujua kitu. Kazi ya dakika ishirini. Angeifanya Idi mosi, Demetria angekuwa angani saa hizi.

Usiku ule hakulala, na yaliyompitia kichwani mtu yeyote anaweza kuyahesabu. Akinyamaza, muhuri wake unabaki, darsa ya mama inabaki, sheikh habughudhiwi na mtu. Anayepotea ni mmoja tu, tena si wa kwao.

Jumatano Hilal akamtuma rubani mwingine aende na ndege ile Mafia, na saa kumi na nusu wote walikuwa wamesimama nje ya karakana: Hilal, Mudathir na redio yake ya mkononi, na Demetria aliyekuja bila kuitwa. Kiwalani, darsa ilikuwa inaendelea. Ndege ikashuka juu ya mapaa, mnara ukaongea, rubani akajibu, neno kwa neno, safi mpaka magurudumu yakagusa chini.

Hilal akamkumbatia Mudathir. "Ya salaam! Umeupata! Ulikuwa nini?"

Mudathir akaizima redio ya mkononi.

"Basi, hata usiniambie." Hilal akamvuta pembeni, lakini sauti yake ni ya sokoni, haijui pembeni. "Nisikilize. Ukiandika leo kwamba umeondoa kasoro, kesho mkaguzi atakuuliza kwa nini uliapa mara tatu haipo. Muhuri wataondoka nao, na kampuni yangu nayo itafungiwa. Andika kama siku zote: imepimwa, haina kasoro. Piga muhuri, twende tukanywe kahawa."

"Na Demetria?"

"Ni kijana. Atapata kazi nyingine, inshallah."

Demetria alikuwa amesikia. Hakubishana wala hakulia. Alimtazama tu Mudathir na kuuliza, "Kwa hiyo ulikuwepo, sio? Niambie tu ulikuwepo. Mie nilishaanza kudhani masikio yangu ndiyo mabovu."

Afadhali angemtukana. Mudathir aliingia ofisini, akafungua kitabu cha ndege mezani, akautoa muhuri mfukoni na kuuweka kando. Peni haikutaka kwenda. Alimwona mama yake na mfuko wake wa khanga, akajisikia anachinja mtu. Akaandika tarehe. Akaandika: mkwaruzo alioripoti rubani Demetria ulikuwepo siku zote. Haukutoka kwenye ndege. Ulitoka kwenye mtambo niliouunda mie mwenyewe, nikauondolea kichujio, Kiwalani. Rubani hana kosa. Akapiga muhuri juu yake, akaukandamiza sana, akijua anaupiga kwa mara ya mwisho.

Hilal alisoma, akashika kichwa. "Umetuua, Mudathir. Wallahi umetuua."

"Nimejiua mwenyewe, bosi. Wewe utapona."

Mambo yakaenda upesi kupita alivyodhani. Alhamisi asubuhi mkaguzi alisoma ukurasa ule mara mbili, akauomba muhuri, akaufunga ndani ya bahasha. Demetria alirudishiwa ruhusa yake palepale. Alimshika Mudathir mkono kwa mikono yake yote miwili. Hilal alifungiwa wiki mbili tu, akapona kama alivyoambiwa, wala hakumwita tena Mudathir kazini. Adhuhuri ya Alhamisi hiyohiyo wakaja maofisa msikitini na gari, wakashusha antena, wakaubeba mtambo, na Mudathir akawaonyesha yeye mwenyewe nyaya za kukata. Aliuliza kama kibali kinaweza kuombwa sasa. Wakamwambia aliyekwisha kuvunja sheria namna ile asifikirie. Sheikh Salumu alisimama mlangoni akiwatazama, shanga za tasbihi mkononi.

"Injinia," akasema, "sasa wale wagonjwa nitawasalimiaje?"

"Sijui, sheikh wangu. Nisamehe. Sijui."

Alifika nyumbani saa kumi kasoro. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia mama yake na hakupata hata moja. Zubeda alikuwa uani anafua. Akamwangalia kaka yake usoni, akaacha kufua.

Chumbani Bi Mwanaasha alikwisha kuiwasha redio yake. Alikuwa ameivuta kwa mkono wake mmoja mzima mpaka sikioni. Mle ndani hamkuwa na sheikh wala darsa, mlikuwa na mkwaruzo mtupu, chwaaaaa, uleule aliousaka wiki zote zile, sasa umehamia kwenye mto wa mama yake. Akasimama mlangoni.

Mama alikuwa anasikiliza kwa makini, macho yamefumba. Mara uso ukakunjuka. "Waalaykum salaam, mwanangu," akasema.

Kisha akahisi mtu mlangoni. "Mudathir?"

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Leo sheikh yuko mbali, hasikiki vizuri. Lakini kanitaja, sio? Umemsikia?"

Mudathir aliketi chini kando ya kitanda, akaushika ule mkono uliokufa usiosikia kitu.

"Kakutaja, mama," akasema. "Nimemsikia."